Kufundisha Sakiti kwa Mfano wa Kufuli la Difu: Waya, Swichi na Mahali pa Swichi

Utangulizi

Somo la sakiti ya umeme ni miongoni mwa masomo yanayofundishwa mara nyingi na kueleweka mara chache. Mwalimu mwanafunzi anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha huchora betri, swichi na balbu ubaoni, akaviunganisha kwa mistari iliyonyooka, kisha akawaambia watoto wanakili. Watoto hunakili vizuri na madaftari yao hupendeza. Lakini juma moja baadaye, wakipewa betri moja, kipande kimoja cha waya na balbu ya tochi, wakaambiwa wawashe taa, wengi wao huvishika vitu hivyo mikononi wasijue pa kuanzia.

Sisi tunaosimamia mazoezi hayo tumeliona jambo hili tena na tena. Tumefikia kuamini kwamba kasoro haimo katika akili za watoto wala katika uhaba wa vifaa. Kasoro ni kwamba mchoro umetangulia haja. Mtoto ameonyeshwa njia ya umeme kabla ya kuambiwa umeme huo unakwenda kufanya kazi gani, na ni madhara gani yatatokea ukienda mahali pasipotakiwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna moja ya kuugeuza mpangilio huo katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Mfano tuliouchagua ni kufuli la difu, kifaa kinachofungwa katika magari ya kupitia njia mbovu.

Kwa nini mfano huu?

Huenda msomaji akauliza: mtoto wa Darasa la Sita ana uhusiano gani na difu ya gari? Tunajibu kwamba uhusiano upo, tena wa karibu. Mtoto anayeishi katika bonde la Rufiji au la Kilombero, au popote penye udongo mweusi wa mbuga, ameona gari likikwama wakati wa masika. Ameona gurudumu moja likizunguka kwa kasi na kurusha matope, na lile la upande wa pili likiwa limetulia kimya. Pengine gari hilo lilikuwa limebeba mgonjwa, naye mtoto huyo alikuwa miongoni mwa waliolisukuma. Hivyo swali la kwa nini gurudumu moja huzunguka na jingine husimama tayari ni swali lake, hata kama hajapata mtu wa kumjibu.

Sababu ya pili ni kwamba mfano huu una swichi zaidi ya moja, na mpangilio wa swichi hizo una maana. Katika mchoro wa kawaida wa balbu moja, swichi ikiwekwa upande huu au upande ule wa betri, taa huwaka vilevile, na mtoto hana sababu ya kufikiri. Katika kufuli la difu, swichi zikipangwa vibaya dereva anaweza kuumia. Hapo ndipo fikra huanza.

Maarifa anayopaswa kuwa nayo mwalimu

Mwalimu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Kwa hiyo na tuanze kwa kulieleza jambo lenyewe.

Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Tuchukue gari ambalo magurudumu yake ya kushoto na kulia yametengana kwa mita 1.5, nalo linakata kona ya robo duara. Gurudumu la ndani likipita umbali wa mita 5 kutoka katikati ya duara, litasafiri mita 7.85. La nje litapita umbali wa mita 6.5 kutoka katikati, nalo litasafiri mita 10.21. Tofauti ni mita 2.36 katika kona moja tu. Kama magurudumu yote mawili yangekuwa yamekazwa kwenye chuma kimoja, ingelazimu moja lao liburuzwe.

Difu ni mkusanyiko wa gia uliomo katikati ya ekseli ambao huruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi zisizolingana huku yote yakisukumwa na injini. Mfaransa Onésiphore Pecqueur, aliyekuwa fundi wa saa, alikipatia kifaa hiki hataza katika miaka ya 1820, zamani kabla ya magari ya petroli. Lakini wema huu una gharama yake. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawasawa kwa pande zote mbili. Gurudumu lililo kwenye utelezi huhitaji nguvu ndogo tu ili lizunguke, na kwa kuwa mgawo ni sawa, mwenzake aliye mahali pakavu naye hupata nguvu ndogo ileile, isiyotosha kulisogeza gari. Ndiyo maana moja husimama, na jingine huzunguka mara mbili ya kasi ya kawaida.

Kufuli la difu huondoa uhuru huo kwa muda. Huziunganisha pande mbili za ekseli zizunguke pamoja kama chuma kimoja, hivyo gurudumu lililo mahali pagumu hupata nguvu ya kulivuta gari. Baadhi ya magari hutoka kiwandani yakiwa na makufuli hayo. Mengine hufungiwa baadaye na mafundi, na hapo ndipo kazi ya waya na swichi hujitokeza. Yako makufuli yanayovutwa kwa sumaku ya umeme na yako yanayosukumwa kwa hewa, kama yale yanayotengenezwa na kampuni ya ARB ya Australia, iliyoanzishwa mwaka 1975. Katika aina ya hewa, kompresa ndogo hujaza hewa, vali ya umeme huifungulia njia, na hewa hiyo hupita katika bomba jembamba hadi ndani ya difu, ikausukuma utaratibu wa kufunga.

Njia ya umeme katika gari

Umeme wa kompresa hutoka kwenye ncha chanya ya betri ya volti 12. Kitu cha kwanza kinachokutana nao, tena karibu kabisa na betri, ni fyuzi. Mwalimu alieleze jambo hili kwa makini, kwa kuwa wengi hudhani fyuzi hulinda kompresa peke yake. Kazi yake kubwa ni kuulinda waya. Waya ukichubuka na kugusa bodi ya gari, mkondo mkubwa mno utapita na waya utawaka moto. Kipande cha waya kilichotangulia fyuzi hakina mlinzi, kwa hiyo yafaa kiwe kifupi kadiri iwezekanavyo.

Baada ya fyuzi huja rilei. Rilei ni swichi inayowashwa na sumaku badala ya kidole. Tuseme kompresa inatumia wati 240. Kwa volti 12 itavuta ampia 20. Mkondo huo ni mkubwa kwa swichi ndogo ya dashibodi, nao hudai waya mnene. Kwa hiyo waya mnene hupita kwenye rilei tu, na dereva huiamuru rilei kwa waya mwembamba uchukuao mkondo mdogo, chini ya ampia 1. Twaweza kuwaambia watoto kwamba mwenye shamba hahitaji kubeba jembe ili shamba lilimwe. Hutoa agizo, na mwenye nguvu akalima.

Katika mfumo wa hewa iko swichi nyingine ambayo dereva haigusi kabisa. Hiyo husukumwa na hewa yenyewe: shinikizo likitosha, huikatia kompresa umeme, na likipungua, huirudishia. Mwalimu asiiache swichi hii, maana humfundisha mtoto kwamba swichi si lazima iwe kitufe. Chochote kinachounganisha na kutenganisha njia ya umeme ni swichi.

Mwisho, umeme hurudi kwenye ncha hasi ya betri kwa kupitia bodi ya gari. Bodi ni chuma, na chuma hupitisha umeme. Mtoto anayeona waya mmoja tu ukienda kwenye taa ya gari hudhani kwamba sakiti ya gari haina marejeo. Sakiti ni mzunguko, nao hauwi mzunguko usiporudi ulikotoka.

Madhumuni ya somo

Baada ya vipindi viwili vya dakika 40 vilivyofuatana, mtoto aweze:
(a) kueleza kazi ya difu na ya kufuli lake kwa maneno yake mwenyewe;
(b) kuunganisha swichi tatu na balbu mbili ili balbu ya mbele isiweze kuwaka kabla ya ile ya nyuma;
(c) kuchagua mahali pa kuweka swichi na kutoa sababu;
(d) kutofautisha taa inayoonyesha kwamba agizo limetolewa na taa inayoonyesha kwamba kazi imefanyika.

Zana

Kwa kila kundi la watoto watano au sita: betri mbili za tochi za volti 1.5, balbu tatu ndogo za tochi, vipande vya waya vilivyomenywa ncha, vipande vya bati laini lililokatwa kutoka kwenye makopo na kukunjwa kingo ili lisikate vidole, ubao mdogo au jalada gumu, na pini za kubania. Kipande cha bati bapa chenye ukubwa wa daftari kitakuwa bodi ya gari. Swichi itengenezwe kwa ukanda wa bati uliobanwa upande mmoja, ambao ukibonyezwa hugusa pini ya upande wa pili. Mwalimu aje pia na gari la kuchezea, lile ambalo watoto hulitengeneza kwa waya, na liwe na magurudumu yaliyokazwa kwenye kijiti kimoja.

Hapa tunatoa onyo. Mwalimu asitumie kabisa umeme wa ukutani. Wala asiazime betri ya gari kwa ajili ya somo hili. Ni kweli kwamba volti 12 kwa kawaida hazimpigi mtu, lakini betri ya gari ikiunganishwa ncha kwa ncha hutoa mkondo mkubwa unaoweza kuchoma ngozi na kuyeyusha waya. Tena ndani yake mna asidi, na gesi inayotoka wakati wa kuchaji yaweza kulipuka kwa cheche. Betri za tochi zatosha kufundisha yote tunayoyataka, nazo pia zisiachwe zimeunganishwa ncha kwa ncha.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: Kona (dakika 10). Mwalimu awatoe watoto nje. Watoto wawili washike ncha mbili za fimbo ndefu, mmoja huku na mmoja kule, watembee wakiwa sambamba huku wakizunguka mti. Wengine wahesabu hatua za kila mmoja. Wa nje atapiga hatua nyingi, na wakilazimishwa kwenda sawa, fimbo itawavuta. Kisha gari la kuchezea lizungushwe kwenye vumbi kwa kona kali, na watoto waangalie alama. Wataona gurudumu moja limechora mstari wa kuburuzwa. Mwalimu aulize: "Gari kubwa linafanyaje lisiburuze?" Asikimbilie kujibu. Baada ya kusikia mawazo yao, ndipo alitaje jina la difu na kazi yake.

Hatua ya pili: Tope (dakika 10). Mwalimu awakumbushe gari lililokwama. Aeleze kwamba uhuru uliosaidia kwenye kona sasa umegeuka kizuizi, na kwamba dereva anahitaji njia ya kuuondoa kwa muda. Kisha awape masharti matatu na kuyaandika ubaoni:
1. Gari likiwa halina haja ya kufungwa difu, swichi moja kuu iweze kuzima kila kitu.
2. Difu ya nyuma ifungwe kwanza.
3. Difu ya mbele isiweze kufungwa peke yake, hata dereva akikosea.

Watoto wataka kujua sababu ya sharti la tatu, nao wana haki ya kujua. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoliongoza gari. Yakifungwa pamoja, usukani huwa mzito na gari hutaka kwenda mbele moja kwa moja dereva anapokata kona. Mara nyingi kufunga nyuma peke yake kwatosha, na mbele hufungwa pale tu nyuma iliposhindwa. Difu zote mbili zifunguliwe gari linaporudi kwenye barabara ngumu, maana huko matairi hayawezi kuteleza kwa urahisi, na vyuma vya ekseli hubeba mzigo usio wao.

Hatua ya tatu: Kuunganisha (dakika 25). Sasa, wala si kabla, watoto wapewe vifaa. Balbu moja ni difu ya nyuma, nyingine ni difu ya mbele. Mwalimu asichore. Aseme tu: "Timizeni masharti matatu."

Makundi mengi yataanza kwa kuipa kila balbu swichi yake kutoka kwenye swichi kuu, kila moja na njia yake. Taa zitawaka na watoto watafurahi. Hapo mwalimu apite, awashe swichi kuu na swichi ya mbele, akiiacha ya nyuma imezimwa. Balbu ya mbele itawaka peke yake. Asiseme neno, ila aelekeze kidole kwenye sharti la tatu.

Makundi mengine yatazipanga balbu mbili katika mstari mmoja, nazo zitawaka kwa unyonge. Hilo nalo ni somo: kila balbu imepata sehemu tu ya volti za betri.

Mpangilio unaotimiza masharti ni huu. Umeme utoke kwenye ncha chanya, upite swichi kuu, kisha upite swichi ya nyuma. Baada ya swichi ya nyuma njia igawanyike mara mbili. Tawi moja liende kwenye balbu ya nyuma na kurudi kwenye bati. Tawi la pili lipite swichi ya mbele, lifike balbu ya mbele na kurudi kwenye bati. Bati liunganishwe na ncha hasi. Kwa hiyo swichi zimepangwa kwa mfululizo, na balbu zimepangwa sambamba.

Kila kundi lijaze jedwali. Swichi tatu zina namna nane za kuwashwa na kuzimwa, nayo majibu yawe hivi:
– Swichi kuu imezimwa (namna nne): hakuna balbu inayowaka.
– Kuu imewashwa, nyuma imezimwa (namna mbili): hakuna balbu inayowaka.
– Kuu na nyuma zimewashwa, mbele imezimwa: balbu ya nyuma huwaka.
– Zote tatu zimewashwa: balbu zote mbili huwaka.

Watoto waulizwe: "Ni wapi katika jedwali mbele imewaka peke yake?" Hawatapaona. Sharti la tatu halikutimizwa kwa tangazo lililobandikwa mbele ya dereva, bali kwa mpangilio wa waya. Katika baadhi ya magari ya Toyota Land Cruiser jambo hilohilo limetimizwa kwa kitufe kimoja cha kuzungusha chenye hatua tatu: kuzima, nyuma peke yake, kisha nyuma na mbele pamoja. Mkono hauwezi kuifikia hatua ya tatu bila kupita ya pili. Baada ya kazi hii, na ndipo iwe baada, watoto wachore sakiti yao madaftarini. Mchoro sasa ni kumbukumbu ya kitu walichokijua.

Hatua ya nne: Mahali pa swichi (dakika 20). Hatua hii huonekana ndogo, nasi twaiona kuwa na uzito mkubwa. Mtoto mmoja aketi kwenye kiti na kushika ungo au mfuniko kama usukani. Mbele yake pawekwe jalada gumu liwe dashibodi. Mwenzake asimame ukutani akionyesha vidole, na "dereva" ahesabu vidole hivyo kwa sauti bila kuyaondoa macho. Wakati huohuo mwalimu aamuru: "Washa swichi ya nyuma!" Wengine waangalie kama dereva amepotea kuhesabu, ameinama, au ameachia usukani. Swichi ihamishwe mahali patatu au pane, na kila mara jaribio lirudiwe.

Kutokana na jaribio hilo watoto wataweza kutunga kanuni wenyewe. Mwalimu awaongoze mpaka wafikie haya:
– Swichi ifikiwe na mkono bila dereva kuinama wala kuacha kutazama mbele.
– Isiwekwe mahali ambapo goti, begi au mkono wa mtoto aliyepakatwa waweza kuigusa bila kukusudia. Mafundi wengine huifunika kwa kifuniko kidogo cha kuinua kwanza.
– Isifanane na swichi za taa au za kufutia kioo zilizo jirani, ili hata gizani kidole kiitambue.
– Swichi za nyuma na mbele zipangwe kwa utaratibu ule zinavyotumiwa.
– Isizuie dereva kuona, wala isifungwe juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa wa usalama.
– Ipate umeme wake kupitia ufunguo wa gari, ili ufunguo ukitolewa nayo ife.

Waya zenyewe zina kanuni zake. Zisipite karibu na bomba la moshi. Zinapotoboa bati la kutenga injini na chumba cha dereva zivishwe pete ya mpira. Karibu na ekseli ziachiwe urefu wa ziada, kwa kuwa ekseli hupanda na kushuka. Mwalimu awaombe watoto waeleze sababu ya kila kanuni badala ya kuwakaririsha.

Hatua ya tano: Taa ya kweli (dakika 15). Katika dashibodi huwekwa taa ndogo ya kumjulisha dereva kwamba difu imefungwa. Swali ni hili: taa hiyo iungwe wapi? Fundi mwenye haraka huiunga kwenye swichi. Dereva akiwasha swichi, taa huwaka. Lakini taa hiyo inasema nini? Inasema kwamba swichi imewashwa, jambo ambalo dereva alilijua tayari kwa kuwa ndiye aliyeiwasha. Bomba la hewa laweza kuwa limepasuka. Meno ya kufuli yaweza kuwa hayajakutana, kwa maana mara nyingine ni lazima magurudumu yazunguke kidogo kwanza. Taa inawaka, na difu iko wazi. Kinyume chake pia hutokea: dereva amezima swichi, taa imezimika, lakini difu bado imebana kwa sababu ya mzigo uliomo ndani ya vyuma. Dereva huyo akiingia barabara ngumu na kukata kona kwa mwendo wa kawaida, atadhani gari lake lina ugonjwa wa usukani.

Taa ya kweli huungwa na swichi ndogo iliyomo kwenye difu yenyewe, ile inayoguswa na chuma cha kufuli kinaposogea. Katika Land Cruiser tulizozitaja, taa humetameta tangu agizo linapotolewa, nayo hutulia kufuli linaposhika.

Ili kuonyesha jambo hili, mtoto mmoja awe dereva mbele ya darasa na mwingine awe difu nyuma ya darasa. Dereva akiwasha swichi, balbu huwaka mbele ya "difu" kama agizo. Difu akiliona, hubonyeza ukanda wa bati ulio mkononi mwake, na balbu nyingine huwaka mbele ya dereva. Wafanye hivyo mara mbili. Mara ya tatu mwalimu amnong'oneze difu asibonyeze. Dereva atawasha swichi na balbu yake haitawaka. Darasa liulizwe: "Dereva ametoa agizo? Kazi imefanyika? Afanye nini sasa?" Tumeona kwamba swali hili la mwisho huamsha mjadala kuliko sehemu nyingine yoyote ya somo.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kutoa jibu mapema. Kundi likishindwa kwa dakika tano, mwalimu aulize swali na asiushike waya. Kosa la pili ni kuwaachia wavulana vifaa na wasichana uandishi. Kila mtoto aguse waya na kila mtoto aandike. Kosa la tatu ni kuzama katika gari na kusahau sakiti. Mtoto asipokumbuka jina la difu hakuna hasara kubwa, lakini asipojua tofauti ya mfululizo na sambamba, somo limepotea. Kosa la nne ni kuwatia watoto hamu ya kwenda kuchezea waya za gari la mtu. Mwalimu aseme waziwazi kwamba kazi hiyo ni ya fundi aliyejifunza.

Tathmini

Tunapendekeza tathmini isiwe ya kuchora sakiti ile ile. Mtoto apewe haja mpya. Kwa mfano: "Katika zahanati kuna kengele ya mgonjwa na taa ya mhudumu. Taa iwake mgonjwa akibonyeza, na izimike pale tu mhudumu anapofika kitandani. Swichi ziwe ngapi, na ziwekwe wapi?" Atakayejiuliza kwanza nani anabonyeza na nani anahitaji kujua, huyo ameelewa, hata kama mistari yake imepinda.

Hitimisho

Tumetumia kurasa hizi kuzungumzia magari, lakini tulikuwa tukimfikiria mwalimu. Mwisho wa kipindi mwalimu huuliza: "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia kwa pamoja kwamba limeelewa, naye hufunga andalio lake akaenda zake. Itikio hilo ni taa iliyoungwa kwenye swichi. Linamwambia mwalimu kwamba amefundisha, jambo alilolijua tayari. Halimwambii kama mtoto aliyeketi nyuma karibu na dirisha amejifunza.

Mwalimu mwangalifu huiunga taa yake kwenye ekseli. Humpa mtoto betri, waya na haja, kisha humtazama mikono. Kazi ikifanyika ataiona, na isipofanyika atajua mapema, kabla gari halijaingia topeni.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Tengeneza swichi tatu za bati na ujaribu mwenyewe mipangilio miwili iliyoelezwa katika hatua ya tatu. Andika matokeo ya namna zote nane kwa kila mpangilio.
2. Kokotoa tofauti ya mwendo wa magurudumu mawili yaliyotengana kwa mita 1.4, gari linapokata nusu duara. Je, ukubwa wa duara unabadili jibu?
3. Eleza kwa nini fyuzi iliyowekwa karibu na kompresa, mbali na betri, haiulindi waya wote.
4. Chagua somo jingine la sayansi ambalo kwa kawaida huanza kwa mchoro. Liandikie andalio linaloanza kwa haja.
5. Katika kipindi chako kijacho cha mazoezi, usiulize "Mmeelewa?" hata mara moja. Andika ulichouliza badala yake na ulichokiona mikononi mwa watoto.